Msalaba Upi: wa Kujumlisha au wa Kuzidisha?

SWALI

Ndugu wahariri wa safu ya lugha,

Salaam. Kazi yangu ni kufasiri, na kwa sasa ninao mkononi mwongozo wa biolojia unaoandaliwa kwa ajili ya wakufunzi wa kilimo na wahudumu wa afya wa vijijini. Sura tatu zimenikwamisha mahali pamoja. Kwenye sura ya mimea kuna majani yanayotajwa kwa neno la Kilatini *decussata*, na kuna maua yanayoitwa *cruciformia*. Sura ya kiharusi ina *decussatio pyramidum*. Sura ya maungio ya mwili ina *ligamenta cruciata* za goti. Nilipofungua kamusi, njia zote zilinipeleka kwenye "msalaba", nami nikaandika "-enye umbo la msalaba" kote, nikasonga mbele.

Rasimu ilipojaribiwa kwa wasomaji sita, mambo yakaharibika. Tuliwaomba wachore walichokielewa. Wanne walichora majani manne yakichomoza mahali pamoja kwenye shina, kama pangaboi. Kwenye kiharusi, mmoja alieleza kwamba neva za kulia na za kushoto "zinafika kwenye msalaba zinaungana". Mwingine akauliza kama ndani ya goti kuna kano moja yenye mikono minne.

Mhakiki wa kwanza anapendekeza "majani yanayopishana", na kwa neva anataka "njia panda". Mhakiki wa pili anasema neno msalaba liondolewe kabisa kwa sababu ni la kidini, na mwongozo utasomwa na watu wa dini zote. Mkuu wa mradi hana muda na haya: anasema nitohoe tu, niandike "dekusata", tumalize.

Naomba mnisaidie. Haya maneno ya Kilatini yana tofauti gani hasa, na yametoka wapi? Je, niandike nini, kwenye sentensi, si kwenye nadharia?

Mfasiri aliyekwama, Morogoro


JIBU

Ndugu mfasiri,

Wale wanne walichora sawasawa na ulichoandika. Mtu akiambiwa "majani yenye umbo la msalaba", huona mikono minne na kitovu kimoja, kwa kuwa msalaba anaoujua ndivyo ulivyo. Kosa lako ni la kutumia jina la kitu kimoja kueleza mambo manne: vitu vinavyoungana katikati, vitu vinavyopitana bila kuungana, vitu vinavyohama upande, na vitu ambavyo havikutani kabisa ila ukivitazama kutoka juu huonekana kana kwamba vimekutana. Kilatini kilitumia maneno mawili kwa mambo hayo manne, kwa hiyo nacho hakikujitosheleza, lakini maneno hayo mawili yana asili tofauti, na asili hiyo itakusaidia kuchagua.

Anza na pesa. Warumi walikuwa na sarafu ya shaba nyeusi iliyoitwa *as*. Jumla ya as kumi iliitwa *decussis*: *decem*, yaani kumi, ikaunganishwa na *as*. Kumi kwa tarakimu zao ni X. Basi decussis likawa jina la kiasi, kisha jina la tarakimu, kisha jina la umbo la mistari miwili inayokatana mshazari. Hapo ndipo kilipopatikana kitenzi *decussare*, kuweka vitu vikatane kwa mfano wa X. Wasomaji wako wanaijua sarafu ya ukoo huo, ni vile tu hawajaambiwa: ni dinari ya kwenye Biblia. Dinari ya fedha ya Kirumi ilipoanza kupigwa, karibu mwaka 211 kabla ya Kristo, ilikuwa na thamani ya as kumi, na nyuma ya kichwa cha mungu mke Roma iligongwa alama ya X. Baadaye ilipandishwa ikawa as 16, lakini jina lake, *denarius*, lenye maana ya "ya kumi-kumi", halikubadilishwa. Likapita kwenye Kigiriki, likaingia Kiarabu, likatufikia sisi.

Kwa hiyo *decussatus* kiasili halimtaji mtu aliyeuawa wala mti aliouawa juu yake. Ni "yaliyokaa kama tarakimu ya kumi". Ukitaka kuona mfasiri mwenzako akihangaika na neno hilohilo, mtazame Cicero, mwandishi na mwanasiasa wa Kirumi, katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Alikuwa akiitia katika Kilatini habari ya Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, kuhusu kuumbwa kwa roho ya ulimwengu. Plato alisema muumba alipasua utepe mmoja kwa urefu, akaviweka vipande viwili vikatane katikati, akafananisha na herufi ya Kigiriki khi, ambayo huandikwa X. Cicero hakuwa na herufi hiyo kwa wasomaji wake wa Kirumi, akaandika *quasi decussavit*: "kana kwamba aliviweka kwa umbo la kumi". Hilo *quasi* ni la mtu anayejua kuwa neno lake ni la kuazima. Nawe unaruhusiwa kufanya hivyo mara moja kwenye sura, pale neno linapotokea kwa mara ya kwanza.

*Crux* ni habari nyingine. Hilo lilikuwa jina la mti au nguzo ya kunyongea na kutundikia watu, kabla halijawa alama ya dini yoyote. Ndiyo maana *cruciare* ni kutesa na *cruciatus* ni mateso. Kwa upande wa umbo likazaa *cruciformis*, "-enye umbo la crux", na *cruciatum*, neno walilopewa kano za goti. Kiingereza kimeyachukua yote haya na kuyakata mikia tu, kwa hiyo usidhani kwamba ukienda kwenye matini ya Kiingereza utapata ufafanuzi. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliueleza wavu kuwa ni kitu chochote "kilichodekusata" kwa masafa sawa, chenye nafasi kati ya makutano. Watu wamemcheka kwa hilo mpaka leo, na wana haki: alieleza jambo analolijua kila mvuvi kwa neno lisilojulikana na yeyote.

Sasa Kiswahili. Msalaba umetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti s-l-b, ambao umezaa *salaba*, kutundika mtu mtini, na *salib*, mti wenyewe au alama yake. Tukaliweka katika ngeli ya mti na miti: msalaba, misalaba. Mzizi huohuo umetupa sulubu, sulubisha, sulubiwa, na masulubu kwa maana ya mateso. Ona jinsi lugha mbili zisizo na undugu zilivyofika mahali pamoja: cruciatus kwa Warumi na masulubu kwetu, yote mateso, yote kutoka kwenye chombo cha kuulia. Tahadhari moja tu hapa. "Kazi ya sulubu" haimo katika kundi hili la maana. Kiarabu kina *sulb*, lenye maana ya ugumu na pia ya mgongo au kiuno, lenye konsonanti zilezile tatu. Kazi ya sulubu ni kazi ngumu, ya kutoa nguvu, na aliyeifanya hakusulubiwa na mtu.

Utaona basi kwamba msalaba wetu umerithi upande wa crux peke yake. Upande wa decussis, ule wa tarakimu, haukuwahi kuingia. Hilo pengo ndilo lililokukwamisha, na kulijaza kwa msalaba ni kulazimisha.

Tumjibu na mhakiki wa pili, maana hoja yake isipojibiwa itarudi. Neno lenye mzizi huu si la kanisani pekee. Katika Sura Yusuf, aya ya 41, mmoja wa wafungwa wawili anaambiwa kwamba atasulubiwa. Katika nchi za Kiarabu, ikiwamo Oman na Ghuba ambako wapo wasemaji wengi wa Kiswahili, kano ya goti inayowaumiza wachezaji huitwa *ribat salibi*, na jamii ya mimea ya kabichi huitwa *salibiyya*, na hakuna anayedhani ni mahubiri. Huku kwetu, Msalaba Mwekundu unatajwa kila siku na watu wa dini zote. Hata hivyo ana hoja kwa kiasi fulani: Kiswahili cha kazi mara nyingi hakihitaji msalaba. Fundi ana bisibisi bapa na bisibisi ya nyota, na hiyo ya nyota ncha yake ina mikono minne kamili. Wanafunzi wana alama ya kujumlisha na alama ya kuzidisha. Mtu akikaa mguu juu ya mguu, amekunja nne. Lugha imezoea kutaja umbo kwa tarakimu na alama, sawa na Warumi walivyofanya na X yao. Tumia njia hiyo. Ukiandika "kama alama ya kujumlisha" na "kama alama ya kuzidisha", umekwisha kutofautisha mikao miwili ambayo neno msalaba linaifunika.

Twende kwenye sura zako, tukianza na majani, ambayo ndiyo yaliyoharibika zaidi.

Majani yanayoitwa decussata yana sharti mbili. La kwanza, kila kifundo cha shina, yaani mahali majani yanapochomozea, kinatoa majani mawili, yakitazamana. La pili, jozi inayofuata juu yake imegeuka robo ya duara, digrii 90. Jozi ya kwanza ikielekea mashariki na magharibi, ya pili itaelekea kaskazini na kusini, ya tatu itarudi mashariki na magharibi. Hakuna kifundo hata kimoja chenye majani manne. Umbo la kujumlisha huonekana pale tu unapolielekeza tawi jichoni, ukatazama kutoka kwenye ncha kushuka chini: utaona safu nne za majani. Majani manne kwenye kifundo kimoja, kama walivyochora wasomaji wako, ni mpangilio mwingine kabisa wenye jina lake, na mkufunzi akifundisha hivyo wanafunzi wataanza kuitambua mimea kimakosa.

Neno la kutumia ni kukingama. Mti ukianguka ukalala kuikata njia, umekingama. Jozi moja ikilala kuikata jozi nyingine, zimekingamana. Andika hivi kwenye faharasa yako:

*Mkingamano*: mpangilio wa majani ambapo kila kifundo kina majani mawili yanayotazamana, na jozi ya kifundo kinachofuata imegeuka digrii 90, hivyo tawi likitazamwa kutoka nchani majani huonekana katika safu nne.

Na ndani ya maandishi: "Mnanaa una majani ya jozi zinazokingamana." Sentensi haihitaji zaidi ya hapo.

"Yanayopishana" ya mhakiki wa kwanza ikatae bila kusita. Kwenye vitabu vya shule, majani ya kupishana ni yale yanayotoka moja-moja, hili kulia, linalofuata kushoto, kwenye vifundo tofauti. Ukilitumia kwa mnanaa utakuwa umesema kinyume cha sharti la kwanza.

Kwa kuwa wasomaji wako ni wakufunzi wa kilimo, wape na namna ya kulithibitisha jambo hili kwa mkono. Kata tawi la mnanaa au la mrehani lenye vifundo vinne au vitano, chagua lililosimama wima. Papasa shina kwa vidole: lina pembe nne, na majani hutoka kwenye pande zake kwa zamu. Weka alama ya kalamu kwenye jozi moja, ruka moja, weka kwenye ya tatu, kisha tazama kutoka nchani. Zilizowekwa alama zitapangana kwenye mstari mmoja, ambazo hazikuwekwa zitaukata mstari huo. Mtiki nao ni mfano mzuri, majani yake makubwa yanaonekana kwa mbali, na matawi yake machanga yana pembe nne vilevile.

Mahali ambapo zoezi hili huwaangusha watu ni kwenye mbuni, yaani mti wa kahawa. Shina la mbuni linalokwenda juu lina majani ya mkingamano yasiyo na shaka. Matawi ya pembeni, yanayolala, yanaonyesha majani katika safu mbili tu, kama unyoya. Mwanafunzi ataandika kwamba mmea mmoja una mipangilio miwili. Kinachotokea ni kwamba kwenye tawi lililolala pingili, yaani vipande vya shina vilivyo kati ya vifundo, hujipinda, ili majani yote yatandazike kulielekea jua. Kwa hiyo maagizo yako yaseme wazi: tumia shina la wima, na utazame mahali kikonyo kinaposhika kwenye kifundo, usitazame bapa la jani lilikoelekea. Bapa hufuata mwanga.

Sababu ya mkingamano inafaa sentensi mbili na si zaidi. Jani jipya kwenye ncha ya tawi huchipuka mahali penye nafasi kubwa zaidi mbali na majani yaliyotangulia, na kukiwa na jozi chini, nafasi hiyo iko kati yake, robo ya duara kila upande. Faida yake ni kwamba jozi ya juu haiwekei kivuli jozi iliyo moja kwa moja chini yake.

Maua ni rahisi, na hapo msalaba ubaki. Kabichi, sukuma wiki, figili na haradali zina ua lenye petali nne zilizokaa kama alama ya kujumlisha, zote zikitoka kitovu kimoja. Ndiyo sababu mwaka 1789 Antoine Laurent de Jussieu aliiita jamii hiyo Cruciferae, "wabeba misalaba". Jina linalotumika zaidi siku hizi ni Brassicaceae, lakini sheria za kuipa mimea majina bado zinalikubali la zamani, kwa hiyo ukikuta kitabu kimoja kinasema hivi na kingine vile, ni jamii ileile. Andika "ua lenye petali nne zilizopangika kama msalaba wenye mikono sawa". Hayo maneno "wenye mikono sawa" usiyaache, kwa kuwa watu wengi wakisikia msalaba huona mkono mmoja mrefu. Mkufunzi anayetaka uhakika ahesabu na stameni, yaani viungo vya kiume vya ua: ni sita, nne ndefu na mbili fupi. Figili iliyoachwa shambani bila kung'olewa itampa maua ya kufundishia haraka zaidi kuliko kabichi.

Sasa ubongo, ambako kosa la tafsiri linaweza kumfikia mgonjwa. *Decussatio pyramidum* iko sehemu ya chini ya shina la ubongo, karibu na linapogeuka kuwa uti wa mgongo. Nyuzi za neva zinazobeba amri za kusogeza mikono na miguu hushuka kutoka ubongo wa kushoto na wa kulia. Zikifika hapo, nyingi kati yake (kwa makadirio ya kawaida asilimia 85 hadi 90) huhamia upande wa pili na kuendelea kushuka. Haziungani, hazibadilishani habari, hazikomi. Za kushoto zinaenda kulia, za kulia zinaenda kushoto, basi. Ndiyo sababu kiharusi kilichopiga ubongo wa kushoto hulegeza mkono na mguu wa kulia.

Neno lake ni kuvuka. "Nyuzi huvuka upande" inaeleweka na yeyote aliyewahi kupanda kivuko. Jina la mahali liwe *mvuko wa piramidi*, na uongeze mara ya kwanza kwamba piramidi hizo ni vituta viwili vya nyuzi vilivyo mbele ya shina la ubongo, msomaji asije akafikiria Misri. Epuka "makutano" na "maungano" katika sura hiyo yote. Epuka pia "njia panda", na hapa sababu inastahili maelezo. Panda ni mahali tawi linapogawanyika, kama panda ya manati. Njia panda kwa asili ni njia moja inayokuwa mbili, na anayefika hapo inambidi achague. Watu wanaitumia hata kwa barabara nne zinazokutana, sawa, lakini wazo la kuchagua halijatoka ndani yake. Neva hazichagui chochote. Kila uzi una njia yake tangu mtu anazaliwa.

Jambo lingine katika sura hiyo: usiandike "kila kiharusi huathiri upande wa pili wa mwili". Kiharusi cha ubongo mdogo, ule wa kisogoni, huvuruga mwendo na mizani ya upande uleule, kwa sababu habari zake huvuka mara mbili na kurudi zilikoanzia. Mhudumu aliyefundishwa kanuni isiyo na ubaguzi atachanganyikiwa akikutana na mgonjwa wa namna hiyo.

Ukikutana na *chiasma* ya neva za macho, nayo ni X, lakini ya Kigiriki: imetokana na ile herufi khi. Tofauti yake na mvuko wa piramidi ni kwamba hapa karibu nusu tu ya nyuzi huvuka, zile za upande wa puani wa kila jicho. Za upande wa sikioni hubaki upande wake. Uvimbe wa tezi iliyo chini yake ukizibana zile zinazovuka, mtu hupoteza kuona pembeni, kulia na kushoto, huku katikati anaona. Ukiandika "neva za macho huvuka", umesema nusu ya kweli. Andika "sehemu ya nyuzi za kila jicho huvuka upande", na jina tohoa: kiasma.

Goti linabaki. Kano hizo ni mbili, na haziungani. Ya mbele inaanzia mbele juu ya mfupa wa muundi, inapanda kurudi nyuma na kwenda nje, inashika fupa la paja. Ya nyuma inaanzia nyuma, inapanda kwenda mbele na ndani. Zinapitana katikati ya goti kama alama ya kuzidisha. Majina ya mbele na nyuma yanafuata zinakoanzia kwenye muundi. Ile ya mbele huzuia muundi usiteleze kwenda mbele, ya nyuma huzuia usirudi nyuma. "Kano za msalaba" acha zikae, kwa sharti moja: daima ziwe wingi, na mara ya kwanza ueleze kuwa ni "kano mbili zinazopitana bila kuungana". Yule msomaji aliyeuliza kuhusu mikono minne aliongozwa na umoja uliouandika. Tulifikiria "kano za mkasi", linapendeza masikioni, lakini mkasi una msumari katikati unaoshikanisha mapanga mawili, na goti halina msumari huo.

Nje ya mwongozo wako, likikujia jengo au bendera, fuata utaratibu uleule. Kanisa la Bete Giyorgis la Lalibela, Ethiopia, lililochongwa kwenye mwamba, lina ramani ya kujumlisha, mikono sawa: msalaba unafaa. Bendera ya Burundi ina mistari miwili myeupe kutoka pembe hadi pembe, ikitenganisha nyekundu na kijani: hiyo iite msalaba wa mshazari, usiseme msalaba ukanyamaza.

Kuhusu kutohoa: tunamwelewa mkuu wa mradi, ila dekusata peke yake haitamwambia mhudumu wa kijijini jambo lolote, na atalisoma kwa sauti darasani akiomba asiulizwe. Liweke kwenye faharasa, baada ya neno la Kiswahili, ili anayekwenda kusoma vitabu vikubwa alitambue. Litokee mara mbili, kwa maana mbili, kila moja na ingizo lake: "mkingamano (majani)" na "mvuko (neva)". Usiyaweke chini ya kichwa kimoja kwa sababu tu Kilatini kimeyaweka pamoja.

Halafu wachoreshe tena wasomaji, lakini safari hii usiwarudie wale sita, wameshajua mnachotafuta. Watafute wapya watatu au wanne. Wape aya bila picha. Kwa majani, waombe michoro miwili, wa ubavuni na wa kutoka nchani. Mchoro wa ubavuni ukiwa na zaidi ya majani mawili kwenye kifundo, aya bado ina kasoro, na mara nyingi kasoro iko kwenye neno "kila kifundo" ambalo umeliacha au umelisogeza mbali na "mawili". Kwa neva, wape mchoro wa mwili wenye doa ubongo wa kulia, waombe wapake rangi mkono na mguu utakaolegea. Wakipaka wa kushoto, unaweza kuipeleka sura hiyo kwa mchapishaji.

Wahariri wa safu